Nani alipie programu ya pili?

Programu ya nodi haiuzwi. Yeyote huipakua bure na kuiendesha kwenye kompyuta yake, nayo ikakagua kila muamala na kutunza nakala ya daftari la mtandao mzima. Ndiyo maana kurasa za biashara huipita na kukimbilia bei ya sarafu, ilhali bei yenyewe imeegemea hapo. Kwenye mtandao wa Ethereum kazi ya kuitunza haina likizo. Mtandao uliacha uchimbaji na kuhamia mfumo wa amana tarehe 15 Septemba 2022, wawekaji wakaruhusiwa kutoa amana zao Aprili 2023, kisha yakaja masasisho ya Dencun Machi 2024, Pectra Mei 2025 na Fusaka Desemba mwaka huohuo. Kila mara kanuni zilezile huandikwa na timu ya Geth kwa lugha ya Go, ya Nethermind kwa C#, ya Besu kwa Java, pamoja na wenzao wanaoshughulikia upande wa makubaliano, kama Lighthouse na Teku. Wakipishana kwa hesabu moja tu, mtandao unaweza kugawanyika. Ninavyoona, gharama nzito katika biashara hii ni ya kuitunza programu kuliko kuibuni, na wanaovuna zaidi kutokana na matunzo hayo hawabanwi na lolote kuyalipia.

Kisa cha Parity kinatosha kuonyesha hilo. Kampuni hiyo iliandika programu ya nodi kwa lugha ya Rust, na mwaka 2016, mashambulizi yalipoilemea Geth, nodi za Parity ziliusaidia mtandao usisimame. Ungedhani programu ya aina hiyo haiwezi kukosa mlezi. Desemba 2019 kampuni, ambayo nguvu zake zilikuwa zimehamia kwenye mtandao mwingine, Polkadot, ilitangaza kuiachia jumuiya. Ikapewa jina la OpenEthereum na kutunzwa na kampuni ya Gnosis. Sasisho la Berlin la Aprili 2021 likafichua hitilafu iliyozikwamisha nodi zake hadi rekebisho lilipotolewa saa chache baadaye. Kabla mwaka huo haujaisha, watunzaji walikwisha kutangaza kwamba wanaacha kazi, na watumiaji wakaelekezwa kwenye programu nyingine ya nodi, Erigon. Msimbo wenyewe haukuoza. Kanuni za mtandao ndizo zilizosogea, na programu isiyozifuata haina kazi hata kama kila mstari wake ungali sahihi.

Mpinzani atauliza: programu nyingi za nini, wakati moja iliyokaguliwa vizuri ingekuwa nafuu? Swali hilo lina uzito, na Bitcoin imeishi kwa falsafa hiyo, kwani nodi zake nyingi huendesha Bitcoin Core. Lakini Machi 2013 toleo la 0.8 lilibadilisha hifadhidata ya ndani, kutoka Berkeley DB kwenda LevelDB, pasipo nia ya kugusa kanuni. Bloku moja kubwa ikakubaliwa na toleo jipya na kukataliwa na matoleo ya zamani, mnyororo ukagawanyika kwa saa kadhaa, na wachimbaji wakaombwa warudi toleo la 0.7. Kumbe hata kwenye programu moja wenye toleo la jana na la leo wanaweza kushika njia mbili, tena bila mtu kulipanga. Solana nayo, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea msimbo wa asili moja, ilisimama kwa takriban saa tano tarehe 6 Februari 2024. Linganisha na Ethereum Mei 2023: programu za makubaliano za Prysm na Teku zililemewa, ukamilishaji wa bloku, yaani kuithibitisha isigeuzwe tena, ukakwama kwa zaidi ya saa moja, lakini Lighthouse iliendelea na miamala haikusimama.

Pingamizi kali zaidi limetoka ndani ya Ethereum yenyewe. Tarehe 24 Februari 2025 Pectra iliwashwa kwenye Holesky, mtandao wa majaribio, na Geth, Nethermind na Besu zikakosea pamoja, kwa sababu zote tatu hazikuwa zimewekewa anwani sahihi ya mkataba wa amana wa mtandao ule. Ukamilishaji ukapotea kwa wiki mbili hivi. Wingi ulisaidia nini hapo? Haukusaidia, na ni vizuri kukiri. Wingi hukinga dhidi ya makosa ya msimbo. Hauwezi kukinga dhidi ya jambo ambalo timu zote zimelisahau. Hilo hushikwa na majaribio, nayo ni gharama nyingine ya matunzo.

Bado hesabu iko upande wa wingi. Bloku hukamilishwa kwa theluthi mbili ya amana. Programu yenye hitilafu ikishikilia chini ya theluthi moja, hasara huwaangukia zaidi watumiaji wake. Ikizidi theluthi mbili, kosa lake laweza kuwa daftari rasmi, na waliolisaini hawana njia rahisi ya kurudi bila kukatwa amana. Hata hivyo kila kampuni inayoendesha nodi, ikiamua peke yake, huchagua programu inayotumiwa na wengi na kuchelewesha sasisho. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Novemba 2020 Infura, iliyokuwa ikihudumia programu nyingi za watu wengine, ilikuwa bado na toleo la zamani la Geth. Ikajikuta kwenye tawi lisilo sahihi la mnyororo, na soko la Binance likasitisha kwa muda utoaji wa sarafu ya ETH.

Wapo wanaosema ruzuku za Ethereum Foundation na michango kupitia Protocol Guild inatosha. Lakini mchango ni hiari, na hiari hupungua bei inaposhuka, ilhali tarehe za masasisho haziangalii bei. Hapo ndipo wasimamizi wanapoweza kuingia. Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali Oktoba 2025, na leseni ziko mikononi mwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Wasimamizi hao wamuulize kila mwombaji anaendesha programu ipi ya nodi, toleo gani, ana programu ya pili ya akiba au hana, na anachangia kiasi gani kwa wanaoitunza.