Amana bila maandishi: somo kutoka Iraki ya kale

Mwaka jana nilihudhuria maziko mtaani kwetu. Kabla ya jeneza kusaliwa, ndugu wa marehemu alisimama akatangaza, kama ilivyo ada: anayemdai marehemu ajitokeze. Jioni, bibi mmoja akaja kusema alimwekea marehemu amana ya pesa za kuezekea nyumba yake. Karatasi hakuna, shahidi hakuna. Warithi wakatazamana. Hadi leo hajapata kitu.

Tatizo hili ni la kale mno. Miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa duniani ni yale ya mji wa Uruk, kusini mwa Iraki, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Hayakuanza kwa mashairi wala sifa za wafalme. Yalianza kwa hesabu: shayiri kiasi gani imeingia ghalani, kondoo ni wangapi, mfanyakazi kapewa posho gani. Karani alibapa donge la udongo mbichi, akachora alama kwa kipande cha tete. Udongo ukikauka, hesabu imekaa.

Ghala lenyewe aghlabu lilikuwa la hekalu, kwani dini na uchumi vilikaa pamoja. Watu wa Ur waliabudu mwezi, na wa Sippar jua. Sisi Waislamu tunakumbuka hapa kisa cha Nabii Ibrahim (A.S.) na nyota, mwezi na jua katika Suratul An'am. Jua kwao liliitwa Shamash, nao walimhesabu kuwa mungu wa haki. Watu waliapa kwa jina lake mbele ya mahakimu.

Lakini kiapo peke yake hakikuwatosha. Hammurabi, mfalme wa Babeli miaka zaidi ya 1,700 kabla ya Nabii Isa (A.S.), alichonga sheria zake juu ya jiwe ambalo leo liko Louvre, Paris. Humo imo sheria ya amana: ukimpa mtu fedha au dhahabu akuwekee, onyesha mashahidi na muandikiane. Ukimpa bila mashahidi wala mkataba, naye akakana, huna dai. Yule bibi wa mtaani kwetu angeshindwa kesi Babeli pia.

Maandishi yalimlinda mdaiwa vilevile. Mafuriko au ukame ukiharibu shamba lake, mwaka huo hakulipa nafaka wala riba, na kibao cha deni kililoweshwa maji kibadilishwe.

Wale walikuwa washirikina. Sisi tuna aya ya deni, Al-Baqarah 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Inatuamrisha tuandike deni, dogo au kubwa, na tuweke mashahidi. Hata hivyo twaona haya kuandikiana, eti ni kumvunjia mtu heshima: "Wewe ni ndugu yangu, karatasi ya nini?"

Ndugu yako akifa, hutabaki naye. Utabaki na warithi ambao hawakuwapo siku ile. Kwa hiyo andikeni kiasi, tarehe na siku ya kulipa, mashahidi wawili watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Mwenye amana ya watu mkononi aitaje katika wosia wake leo, kabla jeneza lake halijasaliwa.