Mashini za upepo: je, zitalipa hapa Kabambare?



Swali moja linarudi kila mara katika mikutano: mazutu inafika huku kwa bei kali, basi juu ya nini tusiunganishe makuta ya mpunga tununue mashini ya upepo, tukoboe bila mazutu? Swali ni zuri. Lakini mbele ya kufungua sanduku, tuangalie wale waliofanya kazi hiyo kwa ukubwa.

Kaskazini ya Kenya, karibu na ziwa Turkana, kumesimamishwa mashini 365 za upepo, jumla megawati 310. Gharama ilipita euro milioni 600. Pale upepo ni mkali karibu mwaka mzima, na mnunuzi alijulikana mapema: kampuni ya umeme ya Kenya ilifunga mkataba wa miaka 20. Hata hivyo walipata taabu. Mashini zilikuwa tayari 2017, lakini nyaya za kilometa 428 za kupeleka kuran mpaka Suswa zilikamilika 2018. Muda ule wote mashini zilikaa bure, na serikali ikadaiwa fidia.

Sasa upepo wetu. Wengi wanafikiri nusu ya upepo inatoa nusu ya kuran. Hapana! Upepo ukipungua nusu, nguvu inagawanyika mara nane. Mashini ambayo kwa upepo wa Turkana ingekoboa mifuko minane, kwa nusu ya upepo huo itakoboa mmoja tu, na bei ya kuinunua ni ile ile. Ile dhoruba inayong'oa mabati mbele ya mvua isiwadanganye: ni ya dakika chache, na mashini kubwa hujisimamisha yenyewe upepo ukizidi.

Mtu akija kuwauzia, mumuombe vipimo vya upepo vya mwaka mzima, kiangazi na wakati wa mvua, vilivyochukuliwa kijijini kwenu juu ya mlingoti. Karatasi ya kiwanda haitoshi. Kama hana, musitoe hata franga moja.

Plaki za jua zinafaa kwa taa na telefone, ila kukoboa kunadai nguvu nyingi, plaki mbili tatu hazitaweza. Wenye kijito kinachoanguka karibu, kama vile vinavyoingia mto Luama, waanze na maji. Nayo mupime mwisho wa kiangazi, wakati yamepungua sana.