Uchumi wa Mwanza: Mali ya Ziwa Inakwenda kwa Nani?

Katika makala haya tunakusudia kuuchambua uchumi wa Mwanza, mji uliojengwa juu ya mawe kando ya Ziwa Victoria. Kwamba Mwanza inakua, hakuna anayebisha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.6 katika mkoa huo. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Lakini maghorofa na madaraja hayatuelezi jambo la msingi, yaani mali inayozalishwa na watu wa ziwa hili inaishia mikononi mwa nani.

Tuanze na pamba, kwa sababu ndiyo iliyoujenga mji. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Wakoloni hawakuileta kwa kumpenda Msukuma. Waliileta kusomba mali ghafi. Mkulima alipeleka pamba yake kwa mfanyabiashara aliyekuwa na mizani, duka na kinu cha kuchambulia, na mizani ile ilikuwa ikimpunja. Wakulima hawakuishia kulalamika. Walijiunga, wakaweka wapimaji wao, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, likiongozwa na Ndugu Paul Bomani. Baadaye wakamiliki na vinu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Kwa maoni yetu, kilichopotea katikati hapo hakikurudi chote.

Sasa tutazame sangara. Samaki huyu aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Alipoongezeka sana katika miaka ya 1980, vikafuata viwanda vya kuchakata minofu kwa ajili ya soko la nje. Utaratibu wake ndio unaotuhusu. Wanaoingia ziwani usiku wengi wao hawana mtumbwi, wala injini, wala nyavu. Nyenzo hizo ni za tajiri. Samaki wakiuzwa, gharama za mafuta na chakula hukatwa kwanza, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Naye tajiri mara nyingi amekopeshwa nyavu na wakala wa kiwanda, kwa hiyo hana uhuru wa kumwuzia mwingine wala wa kubishania bei. Mwalo usio na barafu hauna sauti, kwani samaki hasubiri.

Minofu husafirishwa. Mabondo, ambayo yakikaushwa kilo moja huzidi mara nyingi bei ya nyama ya samaki huyohuyo, huenda China. Yanayobaki mjini ni mapanki, yaani vichwa na mifupa, na mwananchi huyanunua. Mwaka 1999 Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hili kwa tuhuma za uvuvi wa sumu, mvuvi ndiye aliyeumia kwanza, ingawa si yeye aliyekuwa na mkataba na wanunuzi wa huko.

Hatusemi kwamba mvuvi hana kosa. Kokoro na nyavu za matundu madogo zinamaliza samaki wachanga, na katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018 zilichomwa nyingi. Lakini mtu mwenye deni la nyavu huvua kwa kulazimishwa na deni hilo. Ukichoma wavu na kuacha deni, atatafuta wavu mwingine ulio rahisi zaidi, na huo ndio ulio mbaya zaidi.

Kwa hiyo basi, kazi iliyo mbele ya ushirika wa wavuvi inafanana sana na ile ya wakulima wa pamba: mizani yao wenyewe mwaloni, chumba cha barafu, na mkopo wa nyavu usiotoka kwa mnunuzi wa samaki. Mizani ndiyo ya kuanzia. Haihitaji fedha nyingi, na wazee wa pamba walianzia hapohapo.