Majani Yapukutikapo: Rangi za Kaskazi Kwetu Mto Tana

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, simu za familia nyingi za pwani huingia picha kutoka kwa jamaa walioko Uingereza, Kanada na Marekani. Huonekana wamesimama chini ya miti iliyogeuka manjano, rangi ya chungwa na nyekundu, mithili ya msitu uliowashwa moto usiounguza. Watoto wetu wakiziona huuliza: mbona miti ya kwetu haifanyi hivyo? Swali hili lastahiki jibu, kwani miti ya kwetu hufanya hivyo. Sisi ndio tusioitazama.

Kwanza tulisawazishe neno. Wafasiri huyaita majira hayo ya Ulaya "vuli". Lakini vuli yetu hapa Minjila, na Garsen yote, ni mvua za Oktoba hadi Disemba. Ni wakati miti inapovaa, si wakati inapovua. Majani yetu hupukutika zaidi katika kaskazi, baada ya mvua hizo kukatika, jua linapokuwa kali na ardhi ikapasuka. Mti wa Ulaya huangusha majani kwa kuukimbia ubaridi na ufupi wa mchana. Wa kwetu huyaangusha kwa kuukimbia ukame. Jani bichi hupoteza maji kila saa, na mti wenye busara hupunguza matumizi mapema.

Ama rangi zenyewe, kazi yake ni ya ajabu. Ukijani wa jani watokana na kitu ambacho wataalamu hukiita klorofili, nacho ndicho kinachoutumia mwanga wa jua kuupikia mti chakula. Jani likikaribia mwisho wake, mti huivunja klorofili hiyo na kuvirudisha matawini virutubisho vyenye thamani. Hapo manjano hujitokeza. Manjano hiyo haikuja siku ile. Ilikuwamo ndani ya jani tangu ujana wake, imefunikwa na ukijani. Wekundu ni kinyume chake: katika miti mingi hutengenezwa upya, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, katika siku zake za mwisho.

Anayetaka kuyaona haya hana haja ya kupanda ndege. Autazame mkungu, mti ule wenye matawi yaliyotandazwa ghorofa kwa ghorofa, ambao watoto hupasua kokwa zake kwa mawe wapate kiini. Kabla ya kuangusha majani yake mapana, mara moja au mbili kwa mwaka, huyageuza manjano, kisha rangi ya shaba, kisha nyekundu ya damu ya mzee. Waweza kuokota jani moja nusu yake kijani na nusu nyekundu, na mshipa wa kati ungali manjano. Hakuna mawili yaliyofanana.

Mwembe nao una kioja chake. Huo huanza pale mkungu unapomalizia: majani yake machanga huchipuka yakiwa na wekundu wa shaba, malegevu kama kitambaa, kisha ndipo hukaza na kuwa kijani. Mkilifi, ambao wengi wauita mwarobaini, pia huchipua wekundu. Kwa hivyo mwembe wenye kilele chekundu si mgonjwa. Ndio kwanza unavaa nguo mpya.

Kando ya Mto Tana kuna jambo jingine. Humo huota mti wa jamii ya popla, ambao wataalamu wauita Populus ilicifolia. Ndugu zake wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni miongoni mwa miti inayosifiwa kwa manjano yake ya majira hayo. Na ukiteremka hadi Kipini, mto unapoingia baharini, utaona mikoko ikiangusha majani ya manjano moja moja mwaka mzima, na kaa wakiyavuta mashimoni mwao kuyala.

Qur'ani Tukufu yatufunza, katika Suratul An'am, kwamba halianguki jani ila Mwenyezi Mungu alijua. Na katika Suratuz Zumar twaelekezwa kuutazama mmea unavyonyauka ukawa manjano, kwamba mna ukumbusho ndani yake kwa wenye akili. Mtume wetu (S.A.W.) naye aliutumia mfano huu huu: Muislamu apatwaye na maradhi, dhambi zake humpukutika kama mti upukutishavyo majani yake. Mwenye kumuuguza mzazi nyumbani na aukumbuke mfano huu.

Twaandika haya kwa sababu mama mmoja wa mtaani kwetu alituuliza iwapo aukate mkungu wa uani kwake. Alikuwa amechoka. Kila alfajiri ya kaskazi hufagia, na kabla ya adhuhuri ua umejaa tena. Tulimjibu kwamba mti ni wake, na kuchoka kwake ni kwa haki. Lakini tulimuuliza vilevile: ni nani mwingine nyumbani ashikaye ufagio? Alinyamaza. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wake. Basi enyi akina baba na vijana wa kiume, kivuli cha adhuhuri twakikalia sote. Majani nayo tuyafagie sote. Huenda ulioelemea mama si mkungu.

Na yakishafagiwa, yasichomwe. Moshi wake wawaumiza wenye pumu na watoto wachanga. Yatandazwe kwenye mashina ya migomba na mipapai, yahifadhi unyevu, mbali kidogo na kuta kwa ajili ya mchwa. Kabla ya hapo, mpe kila mtoto achague jani moja alipendalo na aeleze kwa nini amelichagua. Kisha mpige picha, muwatumie jamaa wa ughaibuni.

Wallahu a'lam.