"START" SI KUANZA TU

Nina dukuduku moyoni, na lililonitia dukuduku ni neno moja dogo la Kiingereza tulilofundishwa tangu chekechea: "start". Muulize mwanafunzi yeyote hapa Kisian maana yake, atakujibu bila kukuna kichwa, "Kuanza!" Kwa ajili ya jibu hilo hilo binamu yangu alifukuzwa shule wiki nzima.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Binamu yangu husoma katika shule nyingine ambayo sitaitaja. Siku moja dawati liliangushwa nyuma ya darasa, vita vikazuka, na wanafunzi watano wakaitwa ofisini kuandika maelezo kwa Kiingereza. Yeye ni mpenzi wa vitabu vya hadithi, basi akaandika: "The desk fell and I started." Alimaanisha kwamba dawati lilipoanguka, yeye alishtuka. Mwalimu akasoma kwamba dawati lilianguka na yeye akaanza vita. Akalipigia neno hilo mstari mwekundu. Kujitetea ikawa kazi bure, maana mwandiko ni wake na sahihi ni yake!

Ajabu ni kwamba maana ya binamu yangu ndiyo iliyotangulia. Zamani Waingereza walitumia neno hili kwa kuruka ghafla, kama vile sungura anavyochomoka kichakani. Ndiyo sababu "startle", yaani kushtua, ni ndugu yake. Kutoka kuruka, likaja kumaanisha kung'oka mahali na kushika safari, na baadaye sana ndipo likawa kuanza jambo lolote lile.

Sisi Waswahili tumeligawanya. Mtu hushtuka. Gari huwashwa, ingawa dereva wetu atakuambia ati gari "imekataa kustati" na lawama yote ataitupia stata. Safari hung'oa nanga. Mwenye duka huanzisha biashara. Nayo barabara huanzia mahali bila kutembea hata hatua moja: hapa kwetu Kisian barabara ya Bondo inaanzia pale inapoachana na ile ya kwenda Maseno na Busia. Utingo naye ana kamusi yake. Akikuambia, "Ingia, tunaanza sahi," jua kwamba mtakaa hapo mpaka kiti cha mwisho kijae.

Kuna pia "alinianza", yaani alinichokoza. Wengine huikata katika insha na kuandika "alinichokoza" juu yake. Mimi naonelea waiache, kwa sababu kila mtu anaielewa na ni fupi.

Kwa Kijaluo tuna "chako", na lugha yetu nayo haikosi vituko. "Chako" ni kuanza, lakini "chako nying" ni kumpa mtu jina. Kitabu cha Mwanzo katika Biblia ya Kijaluo kinaitwa Chakruok. Sasa fikiria mtoto wa darasa la kwanza aliyetoka nyumbani na Kijaluo kitupu, anapoambiwa, "Kitabu hiki ni chako." Anangoja kitabu kianze!

Lakini utamu wa Kiswahili nimeuona katika maneno mawili, mwanzo na chanzo. Yote yametoka kwenye "anza" lakini hayalingani. Mto Naili unaanzia Jinja, pale maji yanapotoka katika ziwa letu. Speke alifika pale mwaka wa 1862 akaona amemaliza kazi. Je, maji ya ziwa yanatoka wapi? Yako ya Kagera kule magharibi, na upande wetu kuna Nzoia, Yala na Nyando. Jinja ni mwanzo. Ukitaka chanzo, lazima upande mito hiyo.

Vita vya kina binamu yangu navyo vilikuwa hivyo hivyo. Mwanzo wake ulikuwa dawati. Chanzo chake kilikuwa kikokotoo kilichoazimwa siku tatu kabla na kisirudishwe, na mwenye kikokotoo wala mwazimaji hakuwa binamu yangu. Lakini pale ofisini swali lilikuwa moja tu: "Who started?"

Wiki ilipoisha alirudi shuleni pamoja na mjomba. Mjomba hutengeneza injini za mashua, na Kiingereza chake ni cha spana na plagi. Aliposomewa ile sentensi aliuliza, "Mwalimu, ali-start nini? Mimi nika-start, lazima kuwe na injini. Hapa sioni kitu." Mwalimu akaisoma tena kimya kimya. Akaomba kamusi kutoka chumba cha pili. Alipoifunga alimwambia binamu yangu aende darasani, basi. Ile wiki hakurudishiwa, na mtihani wa Hesabu ulikuwa umefanywa Alhamisi.