Maji Yaingiapo Ndani ya Buti

Ilikuwa usiku wa masika, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kukoma. Jirani yetu mwenye motokaa aliamshwa ampeleke mama mmoja mjamzito hospitali, nami nikaenda nao kushika taa. Tulipofika bondeni tairi la nyuma likapasuka. Jirani akafungua buti, akainua zulia, kumbe gurudumu la akiba linaogelea ndani ya maji, na jeki imeshikwa na kutu hata skrubu yake haizunguki. Mama yule alikaa kando ya njia saa moja na nusu, mpaka lori likapita. Alijifungua salama, lakini mumewe hakumsalimu jirani yetu hata wakati wa mavuno.

Ndiyo sababu naandika, maana magari mengi yatubebayo huku vijijini yana umri wa miaka 20 au 30, na maji ya butini ni ugonjwa wao wa kawaida.

Kwanza yafaa kujua kwamba maji hayaingii pale unapoyaona. Huingia juu, yakafuata maungo ya mabati, kisha yakatua katika shimo la gurudumu la akiba, kwa kuwa ndipo mahali pa chini kabisa. Basi Jumamosi ile tulitoa vitu vyote na zulia, tukachomoa kizibo cha mpira kilicho chini ya shimo, maji yakatoka, tukakausha kwa matambara na jua. Halafu tukapaka unga wa chaki kwenye kuta za ndani na kando ya maungo yote. Tone likipita juu ya chaki huacha mfereji, nawe waufuata kwenda juu mpaka lilikoanzia.

Kijana mmoja alilala ndani na tochi, tukamfungia. (Asiwe mtoto kamwe, ufunguo uwe mkononi mwa mtu aliye nje, na injini isiwashwe.) Sisi tukamwaga maji polepole kwa kopo, tukianzia chini karibu na bampa, dakika chache kila mahali, ndipo tukapanda kwenye taa, halafu mpira wa mlango, mwisho kioo cha nyuma. Ukianzia juu maji yatalowesha pote na hutajua ni wapi. Tena mpira wa maji wenye nguvu haufai, maana husukuma maji hata pale mvua isipopita.

Tulipofika taa ya kushoto, kijana akapiga kelele: “Hapa!”

Na kweli, taa za nyuma ndizo wakosaji wakubwa. Kati ya taa na bati kuna sponji nyembamba ambayo hukauka na kupasuka kwa uzee. Tulifungua nati kwa ndani, tukatoa taa, tukakwangua sponji kuukuu, tukaweka ukanda mpya wa gundi laini ya mpira isiyoganda. Kaza nati kwa kiasi, kwa sababu plastiki ya zamani hupasuka upesi. Usitumie silikoni ile ya bafuni inayonuka kama siki: ile asidi yake hula bati, na mwaka ujao utakuwa na tundu badala ya ufa.

Mpira wa mlango hupimwa kwa karatasi. Funga mlango juu yake, kisha vuta. Ikitoka bila kushikwa, hapo mpira umelala. Kioo cha nyuma chahitaji fundi, hasa kama kutu imeanza chini ya mpira wake. Wenye Volkswagen za zamani, zile za kobe, watazame mbele, maana injini yao iko nyuma na buti liko mbele. Na kabla ya masika kuna shahidi wa bure: vumbi. Mstari wa vumbi ndani ya buti wakati wa kiangazi mara nyingi huonyesha njia ambayo maji yatapita.

Wako madereva watoboao sakafu ili maji yajitokee. Mimi siwasifu hata kidogo. Tundu lile hukaribisha tope na kutu, na baya zaidi, moshi wa ekzosi. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua watu waliokaa kiti cha nyuma wakidhani wana usingizi tu. Mpira mbovu wa mlango huweza kuleta hatari ile ile, hata siku ya jua kali.

Kutu tuliyoikuta tuliikwangua, tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, halafu rangi ya kawaida, na kizibo tukakirudisha. Jeki tuliiloweka katika mafuta ya taa siku mbili, ikazunguka. Sasa jirani huilaza chini ya kiti chake, imefungwa katika gunia.