Zarina Bhimji na Filamu Isiyo na Wahusika

Katika semina zetu za uhakiki tumezoea kuanza na wahusika. Nani mkuu, nani mdogo, nani bapa, nani duara. Halafu ndipo tunaingia kwenye dhamira. Sasa mhakiki afanyeje akikabidhiwa kazi ambayo watu wenyewe hawaonekani? Swali hili lilinikamata nilipoonyeshwa chuoni sehemu ya Out of Blue, filamu ya Zarina Bhimji yenye dakika 24 hivi, nikaja nalo hadi nyumbani Chimala likizo hii.

Bhimji alizaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963, katika familia yenye asili ya Kihindi. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Bhimji alifika Uingereza mwaka 1974, akasomea sanaa Goldsmiths na kisha Slade, London. Hakuanza na filamu, alianza na picha za mnato. Kazi yake ya 1987, She Loved to Breathe – Pure Silence, ilihusu wanawake wa Kiasia waliopimwa ubikira na maofisa wa uhamiaji katika uwanja wa ndege wa Heathrow miaka ya 1970. Picha alizitundika ndani ya kitambaa cha melimeli, na sakafuni akamwaga viungo vya jikoni. Mbinu yake ilikwisha kuonekana hapo: vitu ndivyo vinavyosema.

Out of Blue aliitengeneza kwa ajili ya Documenta 11, maonyesho makubwa yaliyofanyika Kassel, Ujerumani, mwaka 2002 chini ya Mnigeria Okwui Enwezor. Alirudi Uganda kuipiga. Inaanza na mandhari ya kijani, kisha moto. Baadaye kamera inapita polepole (tena polepole mno, nakiri nilipiga miayo) kwenye majengo yaliyoachwa, kuta zilizobabuka, makaburi, mpaka uwanja wa ndege wa Entebbe. Watu wako kwenye sauti tu. Kwa lugha yetu ya darasani ningesema mandhari yamepandishwa cheo yakawa mhusika mkuu. Linganisha na M. G. Vassanji katika The Gunny Sack (1989): naye anasimulia Waasia wa Afrika Mashariki, ila yeye anajaza nyumba kwa watu na maneno yao. Bhimji anaifagia nyumba yote.

Nilimweleza Bibi habari hii jioni, tukichagua mchele. Bibi akiwa msichana alifanya kazi ya ndani Mbeya mjini, kwa familia ya muuza duka wa Kihindi. Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, wenye nyumba wale walifunga mizigo, naye akarudi Usangu kwa basi na sufuria mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na yule aliyekuwa anapika humo, mjukuu wangu, naye hayumo?”

Kumbe! Mimi nilikuwa nimemtafuta tajiri aliyefukuzwa tu. Kutokuwepo kwa watu katika filamu ile nilikusoma kama huzuni ya tabaka moja, na hapo kosa ni langu kwanza. Lakini nadhani filamu nayo ina lawama kidogo: ukuta uliobabuka unapendeza, na uzuri huo unarahisisha kusahau nani aliupaka chokaa. Waiting, ya mwaka 2007, iliyopigwa ndani ya kiwanda cha mkonge, inanipa taabu hiyohiyo. Nyuzi zinang’aa kama nywele, na sisi tuliosoma historia ya manamba tunajua jasho lililomo.

Mwaka huohuo wa 2007 Bhimji aliingia kwenye orodha ya wagombea wa Tuzo ya Turner, akaichukua Mark Wallinger. Mwaka 2011 akatoa Yellow Patch, iliyopigwa India, upande wa pili wa bahari walikotoka wahamiaji wale.

Wenzangu mnaosema video si mali ya mhakiki wa fasihi, leteni hoja. Mimi nataka kuitazama tena Out of Blue, na safari hii nitatafuta jiko.